Mtu Akivuka Ruvuma, Tiba Yake Ivuke Naye

Katika vijiji vilivyo kando ya Mto Ruvuma mkoani Mtwara, kuanzia Mahurunga na Kitaya hadi Mtambaswala na Masuguru kule Nanyumbu, hakuna anayeshangaa kusikia kwamba mama mkwe wa fulani anaishi Msumbiji, au kwamba shamba lake la mpunga liko ng'ambo, au kwamba babu yake amezikwa Mueda. Watu wa huku huvuka mto kwa mitumbwi kwenda kulima, kuoa, kuzika, kuuza samaki na kutafuta waganga, na walikuwa wakifanya hivyo muda mrefu kabla Wajerumani na Wareno hawajaufanya mto huo kuwa mpaka. Kimakonde, Kimakua na Kiyao vinazungumzwa pande zote mbili, na ukishuka pwani ya Palma na Mocímboa da Praia, Kiswahili chako kinatosha kukupatia kitoweo na mwenyeji wa kulala kwake.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimefanya kazi katika kliniki ya afya ya akili inayohudumia wananchi wa vijiji vya namna hiyo. Ninachotaka kukisema ni kimoja. Mtu anavuka mto, mahari inavuka, mazao yanavuka, hofu nayo inavuka, lakini tiba ya mtu mwenye maradhi ya akili haivuki, inaishia ukingoni. Ushirikiano wa jamii za mipakani katika afya ya akili, ambao siku hizi unatajwa sana kwenye semina, utakuwa na maana kwetu endapo utaanza na jambo hilo.

Chukulia kijana mwenye skizofrenia aliyetulia kwa sababu ya sindano anayochomwa kila baada ya wiki 4. Mvua zinaponyesha, Desemba au Januari, familia yake inahamia bondeni kulima mpunga, na shamba lao liko upande wa pili. Wanajenga dungu, wanakaa humo kuamia ndege na kufukuza nguruwe pori na viboko, na hawarudi kijijini hadi mavuno yaishe, Mei au Juni. Kwa familia hiyo, tarehe ya sindano ni safari ya siku nzima, ni nauli ya mtumbwi na ya bodaboda, ni mtu mwingine wa kumsindikiza mgonjwa, na ni shamba lililobaki bila mlinzi. Sindano ya kwanza inapita, ya pili inapita, na dawa inapokwisha mwilini kijana anaanza tena kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, halali usiku, anaingia porini peke yake. Hapo ndipo ndugu wanapomfunga kamba, si kwa ukatili bali kwa kuogopa mto na wanyama. Tunapompokea mwezi Juni akiwa na makovu mikononi, tunaandika kwenye faili kwamba mgonjwa aliacha dawa. Sentensi hiyo mimi naiona si ya haki. Mgonjwa hakuacha dawa. Alikwenda kulima, na hapakuwa na mtu upande ule anayemtambua wala karatasi ya kumtambulisha.

Kifafa ni hatari zaidi. Hapa nchini wagonjwa wa kifafa hutibiwa katika kliniki hizi hizi za afya ya akili, na dawa zinazotumika sana vijijini, yaani fenobabitali na kabamazepini, hazitakiwi kuachwa ghafla. Anayekatisha fenobabitali kwa ghafla anaweza kupata degedege la mfululizo lisilokatika, na degedege la namna hiyo linaua. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja kutoka ng'ambo na binti yake wa miaka 12 hivi, wakakaa kwenye benchi la barazani. Binti alikuwa na kovu la moto lililokunja vidole vya mkono wa kushoto, kovu ambalo kila muuguzi wa kliniki hizi analifahamu, la mtoto aliyeangukia mafiga wakati kifafa kimemshika. Nilipomuuliza mama, "Dawa gani anayotumia mwanao?", alifungua fundo kwenye pindo la kanga akatoa kipande cha pakiti ya vidonge kilichokatwa kwa mkasi, kimebaki na tembe mbili, na maandishi ya Kireno yaliyosalia yalikuwa nusu ya jina la dawa na tarakimu moja ya kipimo. Kadi hakuwa nayo. Alijua rangi ya tembe, alijua kwamba binti hunywa moja na nusu usiku, na alijua kwamba tangu aanze kuzinywa hakuwa ameanguka msimu mzima. Tulikaa na kile kipande, tukaulizana, tukapiga simu, hadi tukaridhika kwamba ni fenobabitali na kwamba kipimo kinalingana na uzito wa mtoto. Aliondoka na dawa za mwezi mmoja. Lakini kama mama yule angezipoteza zile tembe mbili njiani, tungeanza kubahatisha kwa mtoto ambaye tayari alikuwa amepata nafuu. Maisha yake yalikuwa yametegemea fundo la kanga, na huo haupaswi kuwa utaratibu wa nchi mbili zilizo jirani na ndugu.

Anayetaka kufanya kazi hii huku anapaswa pia kujua kwamba huzuni ya mpakani haikuanza jana. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno walifyatulia risasi umati wa watu pale Mueda. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilianza Septemba 1964. Wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walifunzwa Nachingwea, wakimbizi walipokelewa Rutamba, vyote viwili mkoani Lindi, na makaburi ya mashujaa wa Tanzania waliokufa kwa ajili ya nchi ile yako Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975, na miaka miwili baadaye vikaanza vita vingine vilivyodumu hadi 1992. Kisha, Oktoba 2017, Mocímboa da Praia ikashambuliwa, na mkoa mzima wa Cabo Delgado ukaingia katika mauaji ambayo mpaka leo hayajatulia. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikapiga pwani ile ile. Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto wakashambulia Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Kufikia mwaka 2022 watu waliokuwa wameyakimbia makazi yao Cabo Delgado walikaribia milioni 1. Baadhi yao walivuka kuja kwetu, na mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza wazi wasiwasi wake kuhusu watu waliokuwa wakirudishwa Msumbiji kupitia Negomano, mpakani. Sitaki kuingia katika hoja za usalama, ambazo zina wenyewe. Nasema tu kwamba mtu aliyekimbia akirudishwa kabla hajaulizwa amelala vipi usiku wa jana, huduma ya akili imemkosa pande zote mbili.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yaliyopitiwa na vita katika miaka 10 iliyotangulia, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili, kuanzia sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na wasiwasi uliopitiliza hadi skizofrenia. Makadirio hayo yana upande wa pili ambao watu wengi huuruka, nao ni kwamba watu 4 kati ya 5 hawana ugonjwa. Wana majonzi, wana hofu, wanashtuka bodaboda ikipiga mlio, lakini wakipata chakula, usalama na watu wa kukaa nao, wengi wao hurudi katika hali yao bila kidonge wala mtaalamu. Kwa hiyo hatuna haja ya kuwageuza wananchi wote wa bonde la Ruvuma kuwa wagonjwa. Kazi ni mbili tofauti: kulinda yale yanayowaponya wengi, na kuhakikisha wale wachache wenye ugonjwa hasa hawapotei njiani.

Yanayowaponya wengi tunayo. Msiba wa kijijini kwetu ni huduma kamili: wanawake wanalala kwa mfiwa, majirani wanaleta unga na kuni, watani wanamchokoza mfiwa mpaka acheke akiwa bado analia, na siku ya kuanua matanga kila mtu anajua kwamba sasa mwenye msiba ataanza kurudi shambani. Nimeona wajane waliotoka kwenye mikeka ile wakiwa wameumia lakini wamesimama. Tatizo ni kwamba msiba unahitaji maiti, au angalau habari ya hakika. Zipo familia ambazo mwana wao alikuwa Palma au Mocímboa wakati wa mashambulizi na hadi leo hawajui kama amekufa, ametekwa, au yuko kambini mahali fulani chini ya jina jingine. Hawakutandika mkeka, kwa sababu kutandika mkeka ni kumzika mtu aliye hai. Wala hawawezi kuishi kama watu ambao hawajafiwa. Mama wa namna hiyo huja kliniki akilalamika kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, na anapimwa malaria mara kwa mara bila kuonekana kitu. Ukimpa nafasi ya kuzungumza, ndipo anapomtaja mwanawe.

Hapa ushirikiano wa pande mbili una kazi ambayo upande mmoja hauwezi kuifanya. Wenye habari wako ng'ambo. Viongozi wa misikiti na makanisa, wavuvi, wachuuzi wa samaki wakavu, manyakanga wanaoalikwa kucheza unyago huku na kule, wote hao wana jamaa hadi Mueda na Pemba, na mara nyingi habari ya mtu aliyepotea huwafikia wao kabla ya kulifikia shirika lolote. Shirika la Msalaba Mwekundu lina kazi yake ya kutafuta na kuunganisha familia zilizotenganishwa na vita, na kazi hiyo inapata nguvu panapokuwa na watu wa kijijini wanaoaminika. Na pale ambapo habari haipatikani, wazee wa pande zote mbili wana mamlaka ambayo muuguzi hana, ya kukaa na familia na kuamua nayo kwamba ni halali kusoma dua au kuadhimisha misa ya kumwombea mtu bila kumtangaza marehemu. Nimeshuhudia dua ya namna hiyo. Mama mwenye mwana alikuja kliniki wiki iliyofuata kwa miguu yake, akaomba apangiwe tarehe ya kurudi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Wapo wanaouliza kama watu wa kawaida, wasio na shahada ya saikolojia, wanaweza kweli kumsaidia mtu mwenye sonona. Jibu limeshapatikana Afrika, tena mara mbili. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kwa kujiua, baada ya familia kukosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006 akaanza na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia kuchagua tatizo moja analoweza kulishughulikia kwanza. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, yalionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa na akina bibi walikuwa takribani 14 kwa kila 100, ilhali miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50. Mpango huo umeshafika Malawi na Zanzibar. Mfano wa pili uko jirani zaidi na nchi yetu: matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalitoka katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, na Rakai inapakana na Kagera. Huko vikundi vya wanawake na vya wanaume, kila kimoja kikiongozwa na mwenyeji wa jinsia ile ile aliyefunzwa kwa wiki mbili tu, vilikutana kwa wiki 16 kuzungumzia msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Kati ya waliokuwa katika vikundi, waliobaki na sonona mwishoni walikuwa chini ya 7 kwa kila 100, na kwa wale ambao hawakuwa katika vikundi walikuwa zaidi ya 50.

Mambo mawili kutoka mifano hiyo yananihusu sana. La kwanza ni nauli. Daktari yule alielewa kwamba huduma iliyo mbali na mtu mwenye sonona ni kama haipo, kwa sababu ugonjwa wenyewe unamwondolea mtu nguvu ya kutafuta nauli. La pili ni kwamba hakuna mahali katika mifano hiyo ambapo akina bibi au viongozi wa vikundi waliachwa peke yao. Nyuma yao palikuwa na msimamizi, na palikuwa na mahali pa kumpeleka mtu aliyezidiwa. Bibi wa Newala anaweza kukaa na mjane. Hawezi, na hapaswi kuachiwa, kumtibu mama aliyejifungua juzi anayesikia sauti zinazomwamuru amdhuru mwanawe. Huyo anatakiwa kufika hospitali siku hiyo hiyo.

Tukitazama vizuri, kila upande una kitu ambacho mwenzake anakihitaji. Msumbiji, baada ya vita vyake kwisha na madaktari bingwa wa akili kuwa wachache mno, ilianza mwaka 1996 kuwafundisha mafundi sanifu wa magonjwa ya akili, watu wa ngazi ya kati wanaopangiwa wilayani na wanaoruhusiwa kutambua ugonjwa na kutoa dawa. Nchi hiyo pia ni moja kati ya nne ambazo kuanzia mwaka 2012 zilishirikiana na Shirika la Afya Duniani kupunguza idadi ya wagonjwa wa kifafa wasiopata tiba. Katika Cabo Delgado, Madaktari Wasio na Mipaka wamekuwa wakitoa huduma za akili kwa waliokimbia makazi yao. Ni uzoefu wa thamani, na sisi wa ng'ambo ya huku hatujajifunza kutoka kwao hata kidogo cha kutosha. Sisi nasi tuna zahanati zilizo karibu zaidi na mto, tuna hospitali ya rufaa ya mkoa ya Ligula, tuna hospitali za Ndanda na Nyangao ambazo watu wa pande zote wamezizoea tangu enzi za wamisionari, tuna utulivu wa kadiri, na tangu Januari 2024 tuna mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao wamo vijijini na wanaingia majumbani mwa watu bila kubisha mara mbili.

Ushirikiano ninaoutamani hauhitaji jengo. Unahitaji vijiji viwili viwili vinavyotazamana, kimoja huku na kimoja kule, ambavyo tayari vinaoleana; mhudumu mmoja au wawili kila upande wanaofahamiana kwa sura; na kadi ndogo ya mgonjwa iliyoandikwa kwa Kiswahili na Kireno, yenye jina la dawa kwa kirefu, kipimo, tarehe ya sindano ya mwisho na namba ya simu ya kliniki. Unahitaji pia ruhusa ya kumpa mgonjwa aliyetulia dawa za miezi miwili au mitatu kabla ya msimu wa kuhamia bondeni, ikiwa kuna ndugu wa kuzitunza, kwa sababu dawa nyingi nyumbani nazo zina hatari yake na lazima mtu mzima azishike. Mafunzo yafanyike kwa Kimakonde au Kimakua inapowezekana. Nimekaa katika mafunzo ambayo mkufunzi alisema kwa lugha moja, mkalimani akaigeuza ya pili, na mhudumu wa kijijini akaifikiria katika ya tatu, na kufikia saa nane mchana hakuna aliyekuwa bado anasikiliza.

Kuna sharti moja ambalo nalishikilia kuliko yote. Daftari la mgonjwa lisigeuke daftari la usalama. Katika eneo ambalo kila mgeni anaweza kutiliwa shaka, mwananchi akihisi kwamba jina lake likiandikwa kliniki linaweza kusomwa mahali pengine, hataleta mgonjwa wake, na wala sitamlaumu. Vyombo vya ulinzi vina kazi ngumu na ya lazima mpakani, na wenyeji wa Kitaya wanajua kwa nini. Lakini kadi ya kifafa haina haja ya kueleza mtu alivukia kivuko gani na siku gani. Iseme anachougua na anachotumia, basi. Viongozi wa pande zote mbili wakikubaliana na hilo kwa maandishi, na wananchi wakaambiwa hadharani na mwenyekiti wa kijiji wao, kazi itakuwa imepiga hatua kubwa kuliko semina yoyote.

Waganga wa tiba asili siwezi kuwaacha nje, na sioni faida ya kuwatukana. Mtu akianza kuzungumza peke yake, familia itakwenda kwa mganga kwanza, na mganga anayesifika sana mara nyingi ndiye aliye ng'ambo, kwa kuwa wa mbali huaminiwa kuliko wa jirani. Nimezungumza na baadhi yao kwa heshima wanayostahili wazee, na nimekuta kwamba wengi wanajua mpaka wa uwezo wao, isipokuwa hawana pa kumpeleka mgonjwa bila kuonekana wameshindwa. Makubaliano yanayofaa ni mepesi: mwenye kifafa aendelee kunywa dawa hata akiwa anaaguliwa, asiyekula wala kunywa kwa siku mbili apelekwe hospitali, mzazi aliyejifungua karibuni na akachanganyikiwa asiguswe, apelekwe hospitali, na minyororo isitumike. Mganga naye apewe taarifa ya mgonjwa aliyemleta, kama tunavyopeana taarifa sisi kwa sisi, ili asionekane mtu wa kando.

Pombe nayo ina msimu wake. Mabibo yakianza kuiva, uraka unapatikana kila uani kwa bei ya chini, na fedha za minada ya korosho zinapoingia, gongo nalo linaingia. Mashamba ya korosho yako pande zote za mto, na unywaji ni ule ule. Katika miezi hiyo tunapokea wanawake waliopigwa, vijana walioacha dawa kwa sababu waliambiwa haziendi na pombe wakachagua pombe, na wanaume waliopata fedha zao wakaona hazitoshi kulipa madeni ya pembejeo. Sina mengi ya kuongeza hapa isipokuwa kwamba mazungumzo kuhusu pombe yafanyike Agosti na Septemba, kabla ya mavuno, na wayafanye wanaume wenye mikorosho wao wenyewe.

Jambo moja la kisheria linatukwaza upande wetu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Matokeo yake ni kwamba familia ikimwokoa mtu wake, inaogopa kumfikisha hospitalini kwa sababu ya fomu ya polisi ya PF3 na maswali yao, na inasema alianguka au alikosea chupa. Anatibiwa tumbo, hatibiwi kilichomfikisha pale, na anarudishwa nyumbani kwenye hali ile ile. Ghana ilibadilisha sheria yake ya namna hiyo mwaka 2023. Natamani kuona wabunge wetu wa kusini wakilipeleka suala hili Dodoma, na huku likisubiriwa, viongozi wa vijiji wana nafasi kubwa ya kuzitia moyo familia zifike kwa muuguzi mapema na kusema kweli.

Wahudumu wenyewe pia wanahitaji kutunzwa. Msichana anayetembelea kaya 20 kwa mwezi kusikiliza habari za waliochinjiwa ndugu zao, na yeye mwenyewe kapoteza mjomba huko huko, hawezi kuendelea kwa posho ya nauli na fulana. Tumeona miradi ikija baada ya kila shambulio, inafundisha kwa siku chache, inapiga picha, kisha inaondoka pamoja na simu ya mtu wa kumpigia ukikwama. Anayebaki ni yule msichana, na wananchi wanaendelea kumfuata kwa sababu waliambiwa yeye ndiye. Mara moja kwa mwezi wahudumu wa vijiji viwili vinavyotazamana wakutane, wakae na muuguzi au fundi sanifu wa akili kutoka upande wowote, waseme yaliyowashinda na yaliyowalemea. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720 na lililofunguliwa Mei 2010 na marais wa nchi zote mbili, linatosha kuwakutanisha watu wa Nanyumbu na wa Negomano bila hata kuloweka viatu.

Viongozi wa Mtwara na Cabo Delgado wana vikao vyao vya ujirani mwema, na huko huzungumzwa usalama, biashara na wananchi wanaovuka. Afya ya akili iingizwe katika ajenda hiyo kwa maneno machache yanayotekelezeka: kadi ya lugha mbili itambuliwe pande zote, dawa za kifafa na sindano za kila mwezi zitolewe kwa mwenye kadi bila kuulizwa uraia, na majina ya wagonjwa yasitoke nje ya zahanati. Waganga wakuu wa wilaya wanaweza kuanza hata kabla ya kikao, kwa kliniki mbili zilizo karibu zaidi na daraja, kwa wagonjwa wachache wanaojulikana, mwezi Novemba, kabla familia hazijahamia bondeni.